Saini Iliyogeuka Deni: Kisa cha Gustave Courbet na Mnara wa Vendôme, 1870–1877

Kwa nini kisa hiki

Wanaofundisha historia ya sanaa humtumia Gustave Courbet kueleza uhalisia: mchoraji wa Kifaransa aliyekataa kuchora malaika kwa sababu hajawahi kumwona malaika. Mimi namtumia kwa jambo jingine, ambalo wasanii na wanaosimamia kazi zao hulizungumza pale tu linapokuwa limeshaharibika. Ni uhusiano kati ya maneno ya msanii hadharani, dhima yake kisheria, na thamani ya saini yake sokoni. Kwa Courbet mambo hayo matatu yalikutana ndani ya miaka saba, na karibu kila hatua imeandikwa mahali fulani.

Watu wa historia nimewataja kwa majina yao. Wasaidizi wa karakana, wanunuzi wadogo na marafiki waliohifadhi mali nimewaacha bila majina, maana funzo haliwahitaji.

Usuli

Courbet alizaliwa 10 Juni 1819 Ornans, mji mdogo kwenye bonde la mto Loue, mashariki mwa Ufaransa, si mbali na mpaka wa Uswisi. Baba yake alikuwa mkulima mwenye ardhi na alitaka mwanawe asome sheria. Kijana akaenda Paris, sheria akaiacha, akawa anashinda Louvre akinakili picha za mabingwa wa zamani.

Wakati huo ukubwa wa turubai ulikuwa na heshima zake. Turubai kubwa ilikuwa ya wafalme, watakatifu na vita. Watu wa kawaida walichorwa kwenye turubai ndogo ya kutundika sebuleni. Courbet akavunja mpango huo. *Mazishi kule Ornans*, aliyoichora 1849 na 1850, ina urefu wa zaidi ya mita tatu na upana wa karibu mita 6.7, na ndani yake wamo watu wa mji wake wamesimama wakiwa na nguo nyeusi kandokando ya kaburi, kila mmoja na sura aliyonayo: mapadri, mchimba kaburi aliyepiga goti, mbwa, wanawake wanaofuta machozi. Hakuna anayepaa mbinguni. Wahakiki wengi walikasirika, wakasema amechora ubaya kwa makusudi. Katika onyesho hilohilo la Salon, onyesho rasmi la sanaa la Paris, alitundika *Wavunja Mawe*, mzee na kijana wakiponda kokoto barabarani, nyuso zao hazionekani vizuri. Picha hiyo hatunayo tena. Iliangamia mwaka 1945 karibu na Dresden, vitani.

Medali aliyoipata Salon mwaka 1849 ilimpa haki ya kuonyesha kazi zake bila kupitia jopo la waamuzi. Lakini Maonyesho ya Dunia ya 1855 yalikuwa na jopo lake, na jopo hilo likakataa *Mazishi* pamoja na turubai yake mpya kubwa, *Studio ya Mchoraji*. Courbet alikodi kiwanja avenue Montaigne, jirani kabisa na maonyesho rasmi, akajenga ukumbi wake kwa msaada wa mfadhili wake Alfred Bruyas, akatundika picha 40 na kuandika mlangoni neno moja: Uhalisia. Watu walilipa kiingilio. Hawakuwa wengi. Hata hivyo mchoraji mashuhuri Eugène Delacroix, ambaye kimtindo alikuwa mbali naye, alikwenda, akakaa peke yake karibu saa nzima, na akaandika kwenye shajara yake kwamba jopo limekataa mojawapo ya kazi za ajabu kabisa za wakati ule.

Nimelieleza hili kwa sababu tabia iliyomletea matatizo baadaye ilianzia hapa, na hapa ilimlipa. Courbet alijifunza kwamba ukibishana na mamlaka hadharani, kwa maandishi na kwa sauti kubwa, unapata jina. Na jina linauza picha. Kufikia 1870 picha zake za bahari na majabali ya Étretat zilisifiwa Salon, wanunuzi walikuwepo, na Juni mwaka huo alipopewa nishani ya Legion of Honour aliikataa kwa barua ya wazi akisema serikali haina uwezo wa kuhukumu sanaa. Magazeti yalishangilia. Alikuwa na miaka 51 na hajawahi kulipa gharama ya kweli kwa neno lolote alilosema.

Mfuatano wa matukio

Julai 1870 Ufaransa iliingia vitani na Prussia. Mwanzoni mwa Septemba mtawala wa Ufaransa, Napoleon III, alitekwa Sedan, na tarehe 4 jamhuri ikatangazwa Paris. Wasanii wakakutana na kumchagua Courbet kuongoza kamati ya kulinda kazi za sanaa za jiji kabla Waprussia hawajafika. Ilikuwa kazi ya maana, na aliifanya.

Akiwa kwenye wadhifa huo, 14 Septemba aliiandikia serikali ya muda ombi. Katikati ya uwanja wa Vendôme ulisimama mnara wa nguzo moja, wa karibu mita 44, ambao Napoleon I aliujenga kusifu ushindi wake wa Austerlitz. Ulivikwa shaba iliyotokana na mizinga ya maadui, na sanamu ya Napoleon ikawekwa kileleni. Courbet alidai kwamba mnara ule hauna thamani ya kisanaa, unatukuza vita na utekaji, na haufai katika jamhuri. Aliomba aruhusiwe kuufungua vipande, au serikali iufungue yenyewe, na vifaa vyake vipelekwe kiwanda cha kufua sarafu. Serikali haikufanya lolote. Karatasi ikabaki kwenye jalada.

Machi 1871 Paris iliasi na Commune, yaani serikali ya waasi ya jiji, ikatangazwa. Tarehe 12 Aprili Commune ikatoa amri kwamba mnara ubomolewe. Tarehe 16 Aprili, yaani siku nne baada ya amri, Courbet akachaguliwa kuwa mjumbe wa Commune katika uchaguzi mdogo. Mpangilio huu wa tarehe ndio uliokuwa kinga yake kubwa. Lakini kumbukumbu za kikao cha 27 Aprili zinamtaja akihimiza amri ile itekelezwe. Tarehe 16 Mei mnara ukavutwa kwa kamba ukaanguka mbele ya umati, ukavunjika vipande.

Siku tano baadaye jeshi la serikali ya taifa, iliyokuwa Versailles nje ya jiji, likaingia Paris, na katika wiki moja maelfu wakauawa mitaani. Courbet alijificha, akakamatwa 7 Juni. Mahakama ya kijeshi ilimsikiliza pamoja na viongozi wengine wa Commune, na 2 Septemba 1871 ikampa kifungo cha miezi sita na faini ya faranga 500. Miongoni mwa waliokuwa kizimbani naye wapo waliohukumiwa kifo, kwa hiyo adhabu yake ilikuwa nyepesi. Katika kujitetea aliandika pia kwamba yuko tayari kuusimamisha mnara upya kwa gharama zake, kwa kuuza picha zilizobaki mkononi mwake. Barua hiyo tutairudia.

Alifungwa gereza la Sainte-Pélagie, akaugua, akahamishiwa kliniki Neuilly, akaachiwa mapema Machi 1872. Mwaka huo akapeleka picha mbili Salon. Ernest Meissonier, mchoraji wa vita na askari, akaongoza jopo kuzikataa kwa sababu ya mtu, si ya picha.

Halafu likatokea jambo ambalo hakulitazamia. Mei 1873 Rais Adolphe Thiers aliondoka madarakani, Marshal MacMahon akashika urais, na kabla mwezi haujaisha Bunge likapitisha sheria kwamba mnara ujengwe upya na Courbet agharimie. Mali zake zikaanza kuzuiwa. Tarehe 23 Julai 1873 alivuka mpaka kuingia Uswisi, na kabla mwaka haujaisha akawa amekaa La Tour-de-Peilz, kando ya ziwa Geneva, kwenye nyumba iliyoitwa Bon-Port. Juni 1874 mahakama ya Paris ilithibitisha kwamba anawajibika kulipa. Rufaa ikashindwa. Mei 1877 hesabu ya mwisho ikatoka: faranga 323,091 na sentimu 68, zilipwe faranga 10,000 kwa mwaka, malipo ya kwanza yakianza 1 Januari 1878.

Maamuzi yake, na hoja aliyokuwa nayo

Ombi la Septemba 1870 lilikuwa na mantiki kwa siku ile. Ufalme umeanguka, jamhuri ina siku kumi, na yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya sanaa. Kuna mtu mwingine gani angesema? Wengi Paris walikuwa na mawazo hayohayo kuhusu mnara. Tofauti ni kwamba wao waliyasema kwenye mikahawa, yeye akayaandika kwa cheo chake na kuweka saini.

Kugombea ujumbe wa Commune kulikuwa uamuzi mwingine kabisa, na naona ndio wanafunzi wengi huupita haraka. Tayari alikuwa na jukwaa la wasanii. Kiti cha kisiasa hakikumwongezea uwezo wa kulinda makumbusho. Kilimwongezea dhima ya pamoja kwa kila kilichofanywa na chombo kile. Tarehe 1 Mei alipiga kura pamoja na wachache kupinga kuundwa kwa Kamati ya Usalama wa Umma, chombo cha kupewa mamlaka makubwa ndani ya Commune, kwa hiyo si kwamba alikuwa mfuasi kipofu. Ila nje ya ukumbi hakuna aliyesoma orodha ya kura. Walisoma orodha ya wajumbe.

Ahadi ya kuujenga mnara kwa gharama zake ilitoka kwa mtu aliyeogopa. Wenzake walikuwa wanapigwa risasi, na alitaka kuonyesha nia njema. Kwa kesi ya jinai pengine ilisaidia.

Kuondoka Ufaransa Julai 1873 kulikuwa uamuzi sahihi na ulifanywa kwa wakati wake. Kabla hajaondoka alitawanya picha kwa marafiki ili zisishikwe, na alichagua upande wa Uswisi unaosema Kifaransa, mahali ambapo angeweza kuendelea kuuza. Hakuwa na sababu ya kusubiri.

Uamuzi wa mwisho ndio wa kikazi: kuzalisha kwa wingi. Tayari mwaka 1872 na 1873, baada ya kutoka gerezani, oda zilimiminika Ornans. Sifa mbaya ilikuwa imefanya kazi ya tangazo, na dalali mkubwa Paul Durand-Ruel alikuwa miongoni mwa walionunua. Courbet akachukua vijana wasaidizi. Wao walitayarisha turubai, wakaweka rangi ya msingi ya giza, wakajenga mwamba, maji na majani. Yeye akamalizia kwa kisu chake cha rangi, akaweka saini. Alipofika Uswisi utaratibu uleule ukaendelea, sasa kwa mandhari ya ziwa, machweo na ngome ya Chillon, iliyochorwa tena na tena kwa wageni waliopita.

Matokeo

Mnara ulisimama tena mwaka 1875 na upo hadi leo. Novemba 1877 picha na vitu vyake vilivyozuiwa vilipigwa mnada Paris, vikaleta fedha kidogo ukilinganisha na deni. Courbet mwenyewe alikuwa amevimba mwili kwa maradhi ya ini. Alikunywa sana divai miaka ile. Alifariki La Tour-de-Peilz 31 Desemba 1877 akiwa na miaka 58, siku moja kabla ya malipo ya kwanza. Hakulipa hata fungu moja.

Msamaha kwa watu wa Commune ulikamilika 1880. Mwaka 1881 dada yake aliitoa *Mazishi kule Ornans* kwa serikali ileile iliyokuwa ikimdai. Leo iko makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris, pamoja na *Studio ya Mchoraji*. Mabaki yake yalihamishiwa Ornans mwaka 1919.

Uchambuzi: karatasi tatu

Ulimi uliponza kichwa, wanasema wahenga, ila hapa kalamu ndiyo iliyoponza. Ukiichunguza kesi ya kumdai, utaona kwamba msingi wake si mnara kuanguka. Mnara uliangushwa kwa amri ya chombo ambacho Courbet hakuwa mjumbe wake siku amri ilipotolewa, na ukaangushwa na watu waliolipwa kwa kazi hiyo. Kilichomnasa ni maandishi matatu: ombi la 14 Septemba, kumbukumbu za 27 Aprili, na barua ya kujitolea kuujenga. La kwanza linaonyesha nia, la pili linaonyesha ushiriki, la tatu linafanana na kukiri deni. Kila moja likisomwa peke yake lina maelezo. Yakiwekwa pamoja mezani mbele ya wabunge wanaotafuta wa kumtoza, yanakuwa hadithi moja iliyonyooka.

Hapo ndipo naona kosa kubwa la utetezi wake. Barua ile ilipimwa kwa hatari iliyokuwa mbele yake mwaka 1871, yaani jinai, na hakuna aliyeipima kwa hatari ya madai ambayo ingekuja baadaye. Kifungo kina mwisho wake. Mtu anahesabu miezi. Deni halina mlango wa kutokea namna hiyo. Ukimwomba radhi mtu kwa maandishi, mwanasheria wako aangalie kama umeomba radhi au umekubali bili. Na ikumbukwe kwamba serikali aliyoiandikia haikuwa serikali iliyomtoza. Kati ya Thiers na MacMahon hakuna hata neno moja la Courbet lililobadilika. Waliobadilika ni wasomaji.

Je, angenyamaza kabisa? Siamini hivyo. Mchoraji aliyeweka watu wa kijijini kwenye turubai ya wafalme hangeweza kuwa bubu mwaka 1870, na ukimwondolea ile sauti unaondoa na picha. Kilichokosekana ni mpaka kati ya Courbet mwenye maoni na Courbet mwenye cheo. Ombi lilelile, lingeandikwa kama makala ya raia, lingemletea matusi ya magazeti tu, na matusi ya magazeti alishayazoea.

Uchambuzi: karakana

Upande wa pili unauma zaidi, kwa sababu huo ulikuwa mikononi mwake.

Tangu 1873 hadi Mei 1877 Courbet alijua anadaiwa, lakini hakujua kiasi. Miaka minne alifanya kazi bila lengo la hesabu, akiongozwa na hofu. Mtu anayejua kwamba anadaiwa faranga 10,000 kwa mwaka anaweza kupanga: picha ngapi nzuri, kwa bei gani, kwa nani. Asiyejua huchora kila kinachouzika. Alichora, wasaidizi wakachora, na sokoni zikaingia pia za kughushi ambazo hata yeye hakuzigusa, kwani mandhari ya haraka ya kisu na rangi nzito ni rahisi kuiga kuliko nyuso arobaini na kitu za *Mazishi*.

Saini ndiyo mali pekee ambayo Bunge la Ufaransa halikuweza kuizuia. Nyumba ya Ornans ilizuilika, picha zilizuilika, fedha zilizuilika. Mkono wake ulivuka naye mpaka. Na ndiyo mali aliyoitumia bila kujibana, hadi leo kazi za miaka ile ya Uswisi huleta ubishi kila zinapofika mnadani: ipi ni yake, ipi ni ya msaidizi na saini ya bwana, ipi ni ya mtu mwingine kabisa.

Kulikuwa na dalili hata kabla hajahama. Picha kadhaa za matunda, tufaha na makomamanga, zimeandikwa jina la Sainte-Pélagie ingawa wataalamu wanaona baadhi yake alizichora baada ya kutoka gerezani. *Samaki Trauti*, iliyoko Zurich, ina maandishi ya Kilatini kwamba ameichora akiwa kifungoni, na tarehe ya 1871, lakini ni ya 1872. Alijua kwamba gereza linauza. Siwezi kumlaumu sana. Mwenye njaa haulizwi adabu ya tangazo lake. Lakini aliyezoea kuandika tarehe isiyo ya kweli kwenye picha nzuri hapati shida kuweka saini kwenye picha isiyo yake.

Na picha ile ya trauti ni nzuri kweli. Samaki mzito amevuliwa, ndoana bado mdomoni, damu kwenye mashavu, jicho limeangalia juu. Hakuna jela wala mnara wala MacMahon, na bado anayejua tarehe anaelewa inahusu nini. Hiyo ndiyo njia aliyokuwa nayo: picha chache za namna hii, zilizobeba kila alichopitia, ambazo hakuna msaidizi angeweza kuzitayarisha. Mwishoni alirudi huko. Mwaka 1877 alikuwa akishughulikia turubai kubwa ya milima ya Alps, Dents du Midi, akitaka kuipeleka Maonyesho ya Dunia ya 1878 Paris. Iko Cleveland, Marekani, haijakamilika.

Kwa wanaosimamia wasanii wenye wasaidizi, swali la kujadili ni hili. Ingekuwaje kama tangu Ornans angegawa kazi zake waziwazi katika mafungu mawili: zile za mkono wake zenye saini kamili, na zile za karakana zenye alama tofauti na bei ya chini? Mapato ya miaka ya kwanza pengine yangepungua, kwani mtalii wa ziwa Geneva alitaka jina kamili. Dhidi ya hilo weka kwamba deni lenyewe, kwa mpango uliokubaliwa, lingelipwa kwa miaka 33, hadi mdaiwa akiwa na miaka 90. Hakuwa na haraka iliyostahili kuuza jina. Alikuwa na muda ambao hakuna binadamu angeumaliza, na aliutendea kana kwamba bili inafika kesho asubuhi.